Nani Anaamia Konde la Mama?

Mtu anaweza kuishi Saudia miaka ishirini asimwone nguruwe hata siku moja. Hafugwi, hauzwi, wala nyama yake hairuhusiwi kuingizwa nchini. Hata hivyo, katika vikao vyetu vya Ijumaa vya Waswahili wa Riyadh na Jeddah, pilau likishaliwa na chai ikishaletwa, mnyama anayetajwa kuliko ngamia ni nguruwe. Wa Unguja anamtaja, wa Rufiji anamtaja, wa Kilifi anamtaja, na kisa ni kilekile: simu imetoka nyumbani, nguruwe wameingia shamba.

Mimi ni mtu wa kusini Unguja. Nafanya kazi Riyadh kwenye stoo ya vipuri vya magari. Dada yangu anaishi Jeddah na mumewe na watoto, na mdogo wetu yuko Muscat. Mama yupo kijijini, si mbali na msitu wa Jozani, na ana konde lake la muhogo kwenye uwanda, ile ardhi yetu ya mawe ambayo udongo wake umejificha kwenye vishimo baina ya miamba. Mwaka juzi, kwa usiku mmoja, nguruwe waling'oa zaidi ya nusu ya muhogo alioutunza kwa miezi kumi. Wala hawakuula wote. Mwingine waliung'ata kidogo wakauacha juani.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza. Nimewauliza wazee kwa simu, nimewauliza wenzangu wa hapa, na nimesoma nilichoweza kukisoma. Nayaandika niliyoyapata kwa sababu najua nyumba nyingi zinazosoma jarida hili zina konde la namna hiyo, na zina mama au baba wa namna hiyo.

Nguruwe mwenyewe

Nguruwe wa porini wa Afrika Mashariki wako wa aina zaidi ya moja. Yupo ngiri, yule wa mbugani mwenye pembe za mdomoni zilizopinda, anayetembea mchana mkia juu. Huyo si mgomvi mkubwa wa wakulima wetu wa pwani. Mgomvi ni nguruwe mwitu wa vichakani, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayelala mchana kwenye kichaka kizito na kutoka usiku. Mkubwa wake hupita kilo 50 kwa urahisi, na wengine hufika 100 na zaidi. Hutembea kwa kundi la familia: dume, jike au majike, na watoto wao. Mimba huchukua takriban miezi minne, na jike huzaa watoto watatu au wanne kwa mkupuo. Pemba wana nguruwe wa asili nyingine, wa ukoo wa nguruwe wa kufugwa, na husemwa kwamba waliletwa na Wareno.

Chakula chake ni mizizi, na pua yake ni jembe. Muhogo, viazi vitamu, njugu, mahindi, vyote ni vyake. Mkulima wa muhogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu muhogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima. Mpunga unaamia wiki chache ndege wakiwa wengi, ukavuna, ukalala. Muhogo unakutaka usiku baada ya usiku, miezi kumi au kumi na miwili.

Zamani uliwezekana. Wazee wetu walijenga kuta za mawe kuzunguka makonde, wakapiga dungu katikati, na vijana wakalala humo kwa zamu na debe la kupigia kelele. Konde moja lilipakana na jingine, na jingine na jingine, kwa hiyo nguruwe aliyetoka msituni ilimbidi apite kwa walinzi kadhaa kabla hajafika kwa mama yangu.

Sasa tazama hali ilivyo. Vijana wamekwenda mjini, wamekwenda kwenye mahoteli ya pwani, wamekuja huku kwetu. Makonde ya jirani yameachwa, na konde lililoachwa kwenye uwanda halichukui muda kurudi kichaka. Konde la mama limebaki peke yake kama kisiwa. Nguruwe hana haja ya kutoka mbali tena, maana kichaka anacholala kimemsogelea konde hadi ukutani. Watu husema nguruwe wameongezeka. Huenda ni kweli, lakini nina hakika na jambo la pili: walinzi wamepungua.

Chui wa huku na chui wa kwetu

Kuna mlinzi mwingine aliyetoweka, na habari zake nilizielewa vizuri nikiwa Jeddah.

Ukitoka Jeddah kupanda Taif kwa barabara ya milimani ya Al-Hada, utawakuta nyani kando ya barabara, wamekaa kama watu wanaosubiri basi. Watu husimamisha magari wakawatupia ndizi na mikate, watoto wanafurahi, picha zinapigwa. Matokeo yake ni kwamba katika miji na mashamba ya Taif, Baha na Asir nyani wameshazoea kuingia majumbani, kwenye majalala na kwenye bustani za matunda. Kituo cha Taifa cha Maendeleo ya Wanyamapori cha Saudia, kilichoanzishwa mwaka 2019, kina mpango wa kukabiliana na nyani hao, na kwanza kabisa kinawakataza watu kuwalisha.

Mume wa dada yangu, ambaye huendesha gari la mizigo njia hiyo, aliniuliza, "Shemegi, unajua zamani nani alikuwa akiwapunguza hawa?" Jibu ni chui. Milima hii ya Hijazi ilikuwa na chui wa Kiarabu, ambaye leo ni miongoni mwa wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani. Taif kuna kituo cha kuwazalisha, na Kamisheni ya Kifalme ya AlUla inajiandaa kuwarudisha porini. Tarehe 10 Februari imeshatambuliwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya chui huyo kimataifa.

Unguja nako tulikuwa na chui wetu. Wazee wanakumbuka. Lakini chui wa Unguja alikuwa na kesi nzito kuliko ya kula mbuzi: watu waliamini kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa ya kupambana na uchawi na kuwaua chui, iliyoongozwa na mganga na msasi aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Kisha wasasi waliendelea kukusanywa na kuungwa mkono na serikali kuua wanyama waharibifu. Leo chui wa Unguja huhesabiwa kuwa ametoweka. Chui hula nguruwe, hasa watoto wake. Alipoondoka, kazi yake ilibaki kwa binadamu. Na binadamu naye sasa ameondoka.

Sisemi turudishiwe chui. Mama yangu akisikia nimesema hivyo hatapokea simu yangu. Nasema tu kwamba kazi ya kupunguza nguruwe ilikuwa na wenyewe, na sasa haina.

Rufiji: anayemfuata nguruwe

Katika kikao kimoja Jeddah tulikuwa tukilalamikia muhogo, na mzee mmoja wa Rufiji, dereva wa miaka mingi, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyie mnalilia muhogo. Kwetu nguruwe hatukumwogopa yeye. Tulimwogopa anayemfuata."

Alikuwa na maana ya simba, na alichokisema kimethibitishwa na utafiti. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba Tanzania tangu 1990: waliouawa walipita 563, na waliojeruhiwa hawakupungua 308. Sehemu kubwa ya mashambulizi ilikuwa kusini mashariki mwa nchi, na yalizidi wakati wa mavuno. Walipotafuta sababu waliikuta kwa nguruwe. Katika wilaya ambako wanyama wengine wa kuliwa na simba wamekwisha na nguruwe wamebaki, simba humfuata nguruwe hadi shambani. Na huko shambani nani yupo usiku? Mkulima, amelala kwenye dungu au kibanda cha makuti, akiamia mahindi yake dhidi ya nguruwe huyohuyo.

Huko Rufiji simba mmoja peke yake alihesabiwa watu 35 kabla ya kuuawa mwaka 2004. Alipokaguliwa alikutwa na jipu kwenye jino.

Watafiti wale walisema wazi kwamba kudhibiti nguruwe ni njia mojawapo ya kuokoa maisha ya watu. Neno hilo naliona ni muhimu, kwa sababu wengi wetu huku ng'ambo tunapoambiwa "nguruwe wameingia shamba" tunaona ni habari ndogo ya wazee. Kwa wengine ni habari ya nani atalala nje usiku, na kama atarudi.

Nyama ni ya nani?

Hapa ndipo kikao kinapochangamka.

Katika nchi nyingi, uwindaji wa nguruwe unajilipa wenyewe. Mwindaji anapata nyama, mkulima anapata usalama, hakuna aliyemlipa mwenzake. Yupo dada mmoja muuguzi hapa Riyadh, mtu wa Songea na Mkristo, ambaye hutucheka tukianza mazungumzo haya. "Kaka zangu," husema, "kwetu nguruwe pori akiingia shamba ni hasara usiku, lakini asubuhi ni sherehe. Mwindaji akimpata, mwenye shamba anapelekewa paja lake. Nyinyi mnampata mnamwacha alale hapo? Kitimoto hicho!" Kwao mtu haombi msaada wa kuua nguruwe mara mbili, majirani wanajiita wenyewe.

Kwetu Unguja, ambako karibu wote ni Waislamu, nguruwe akiuawa hakuna chungu kinachomsubiri. Msasi wetu anatoka alfajiri, anaingia maweni na mbwa na mkuki, anakabiliana na mnyama mwenye meno yanayoweza kumpasua paja, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu. Tena kwa madhehebu yetu ya Kishafi, akiguswa na damu au unyevu wa nguruwe, au na mate ya mbwa wake, anaosha mara saba, moja kwa udongo. Kazi ya namna hiyo mtu haifanyi kwa njaa ya kitoweo. Huifanya kwa ujirani, au kwa malipo, au kwa mapenzi ya kusasi. Ujirani ukipungua na malipo yasipokuwepo, yanabaki mapenzi peke yake, na hayatoshi kumaliza kundi la nguruwe.

Niliuliza watu wa elimu hapa Riyadh na nyumbani, maana nilitaka kujua mipaka. Majibu yao yalifanana katika mambo matatu. Kumuua mnyama anayeharibu mazao si tatizo, ilimradi asiteswe. Mbwa wa kusasi na wa kulinda shamba ana ruhusa inayojulikana katika mafundisho yetu, tofauti na mbwa wa pambo. Na nyama ya nguruwe Mwislamu haili wala haiuzi. Kuhusu mwindaji asiye Mwislamu kuichukua baada ya kuua, nilisikia maneno zaidi ya moja, kwa hiyo hilo kila mtu amuulize sheikh wake. Lakini kwa hali ilivyo, kisiwani wamo watu wengi wa bara wanaofanya kazi za ujenzi na mahotelini, wapo wanaoila nyama hiyo, na wapo miongoni mwao waliokulia kwenye uwindaji. Kijiji kinachokaa nao na kupatana, kwa kufuata sheria, kina wasasi ambao bila ya hivyo hakina. Mnyama aliyeuawa hatupwi akaoza karibu na kisima, na mtu mwingine anapata mlo.

Kwa ndugu zetu wanaoila, dada muuguzi alinitaka niongeze neno la kitabibu. Nyama ya nguruwe wa porini iive kabisa, mpaka ndani. Nguruwe mwitu anaweza kubeba minyoo ya trikinela, ambayo haionekani kwa macho; Kenya iliandikwa taarifa mwaka 1961 ya watu waliougua baada ya kula nyama ya nguruwe mwitu. Na wenye kufuga nguruwe, kama familia nyingi za Uganda, Congo na magharibi mwa Kenya, wasiwape mifugo yao mabaki ya nguruwe wa porini. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya na Montgomery mwaka 1921, hukaa ndani ya ngiri na nguruwe mwitu bila kuwaumiza, lakini ikifika kwa nguruwe wa kufugwa inaweza kufagia zizi zima. Binadamu haimpati.

Bunduki peke yake haitoshi

Mpwa wangu wa Jeddah, kijana wa miaka kumi na minne, alinionyesha video ya Wamarekani wakiwapiga risasi nguruwe kutoka kwenye helikopta huko Texas. "Mjomba, si tuwakodishie Bibi helikopta?" Tulicheka sana. Lakini kisa cha Marekani kina somo.

Nguruwe hawakuwepo Marekani. Waliletwa na Wahispania. Hernando de Soto aliwashusha Florida mwaka 1539. Leo wametapakaa kwenye majimbo yasiyopungua 35, na Wizara ya Kilimo ya huko imekadiria hasara yao kuwa zaidi ya dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Ile ni nchi yenye bunduki kuliko watu, yenye wawindaji wanaopenda nyama hiyo, na isiyo na mwiko. Bado wanashindwa. Wataalamu wa Texas husema ili idadi isiongezeke lazima kila mwaka waondolewe takriban theluthi mbili ya nguruwe wote. Ukimpiga mmoja, wenzake wanatawanyika, wanajifunza, na wiki ijayo wanaingia saa nyingine kwa njia nyingine. Kwa hiyo wataalamu huko wanapendelea kujenga boma la wavu wa chuma, kuwazoesha nguruwe kula humo kwa siku kadhaa, kisha kufunga lango kundi zima likiwa ndani. Wengine hunaswa hai wakapelekwa kwenye machinjio yenye mkaguzi, na nyama ikauzwa kihalali.

Somo nililolipata mimi ni kwamba kazi hii haina shujaa. Msasi hodari anayeua nguruwe mmoja kwa mwezi anapewa sifa kijijini, na muhogo unaendelea kuliwa. Kinachofaa ni kundi la watu kulifuata kundi la nguruwe, siku iliyopangwa, mara kwa mara, huku makonde yakiwa na ukuta na mlinzi.

Yapo pia ya kuepuka, nayo nayasema kwa mkazo kwa sababu sisi watumaji pesa ndio tunaoweza kuyagharimia bila kujua. Sumu ni ya kwanza. Sumu iliyotegewa nguruwe huua mbwa, kuku, na Mungu apishe mbali, mtoto. Mtego wa waya ni wa pili. Waya haujui nguruwe wala paa. Unguja humnasa paa nunga, mnyama mdogo anayepatikana kwetu na kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke, na ambaye yuko hatarini kutoweka.

Na sheria zinatofautiana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mtu wa Kilifi au Taita anatakiwa kuwaita maofisa wa KWS, haendi mwenyewe na mkuki. Uganda imewaweka nguruwe mwitu, nyani na tumbili kwenye orodha ya wanyama waharibifu, na wilaya huwa na walinzi wa kuwafukuza. Tanzania Bara mambo hayo yako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na pa kuanzia ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya 1996 na idara yake, na ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyokuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, hakusasiwi. Nguruwe akishavuka mpaka wa hifadhi ndipo anakuwa mgeni wa konde lako. Hata hapa Saudia, mwenye kutaka kuwinda njiwa tu ana msimu na kibali. Hakuna nchi inayomwachia kila mtu aingie porini na silaha yake.

Tulichoamua sisi watatu

Dada yangu alikuwa na rai iliyo rahisi. "Mwambieni Mama apumzike. Tunamtumia pesa, anunue muhogo sokoni. Kwani anakosa nini?" Naijua rai hiyo, ni rai ya mapenzi, na nyumba nyingi za huku wanaisema. Tukampigia Mama, sote kwenye simu moja. Alitusikiliza, kisha akasema:

"Wanangu, pesa zenu nanunulia mchele na dawa, Mungu awazidishie. Lakini muhogo sinunui mie. Siku mtakayosikia nimekwenda sokoni kununua muhogo, jueni nimekwisha."

Hakuna aliyemjibu. Baadaye kwa simu dada akaniambia, "Basi tulilinde konde, tusimlinde Mama na konde."

Tulifanya hesabu kama watu wanaolipia kitu cha kweli. Kwanza ukuta: vijana wawili wa kijijini walilipwa kuinua mawe yaliyoanguka na kuziba mapengo kwa miti na miiba. Pili kuamia: kijana mmoja wa jirani, aliyemaliza shule na hana kazi, analipwa kila mwezi kulala kwenye dungu na tochi yenye nguvu na mbwa wawili. Mchango wetu ni riyali hamsini kila mmoja wetu wa huku, na mdogo wetu wa Muscat anatoa sawa na hizo. Tatu, na hili ndilo lililochukua maneno mengi, tulizungumza na wenye makonde yaliyoachwa. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Jeddah hapahapa, mtaa wa pili na kwa dada. Tuliwaomba wafyeke kichaka kinachopakana na Mama, au waturuhusu tumpe mtu alime bure. Wawili wamekubali. Nne, wasasi wa vijiji jirani hukusanywa kila baada ya wiki kadhaa, kwa kumpa taarifa sheha na watu wa misitu, na sisi tunagharimia chakula chao siku hiyo na dawa za mbwa watakaojeruhiwa.

Mavuno ya mwaka huu hayakuwa kamili. Nguruwe waliingia mara mbili wakati wa mvua, kijana alipokuwa na homa. Lakini Mama alivuna, akatoa sadaka, akawapa wasasi kikapu chao, na akamtumia dada unga wa muhogo wa makopa kwa mtu aliyekuwa akija umra. Ulifika Jeddah kilo tatu. Mpwa wangu, yule wa helikopta, alikula ugali wake akiwa kimya, kisha akauliza, "Huyo anayelala kwenye dungu, Mjomba, analipwa kiasi gani?" Nilipomtajia, alisema ni kidogo. Ni kidogo kweli, na tumekubaliana kuongeza.

Wapo watakaosema gharama ya ukuta, mlinzi na wasasi inazidi bei ya muhogo sokoni. Kwa kilo, huenda. Lakini hesabu hiyo inasahau kijana aliyepata kazi bila kuondoka kijijini, makonde mawili yaliyofunguliwa tena, na mzee anayeamka asubuhi ana pa kwenda. Inasahau pia kwamba konde likishaachwa, kichaka kinamsogelea jirani anayefuata, na mwaka ujao ni zamu ya mama wa mtu mwingine.

Wanafunzi mlioko vyuoni huku, na familia mnaojenga nyumba za matofali nyumbani mwezi kwa mwezi, nawaombeni jambo dogo. Katika orodha ya matumizi, chini ya saruji na ada za shule, wekeni mstari mmoja wa shamba. Mkipiga simu Ijumaa hii, mkishamaliza salamu, msiulize tu kama chakula kipo. Ulizeni kichaka kimefika wapi, ukuta umeanguka upande gani, jirani amelima au ameacha, na usiku huu nani anaamia.